Naomba ushauri: mashindano makubwa ya briji, nicheze kundi gani?

Wakuu habari zenu, kwa wale wanaocheza karata za briji naombeni mnisaidie. Nipo huku Marekani, nacheza klabu ya mtaani na najiona kabisa napanda, sasa mwenzangu kwenye meza anataka twende yale mashindano ya taifa ya ACBL (chama cha briji cha Marekani Kaskazini), yale yanayofanyika mara tatu kwa mwaka na yanachukua zaidi ya wiki nzima.

Kuna Gold Rush, kundi la wenye pointi chini ya 750 (zile unazokusanya ukifanya vizuri mashindanoni), humo unaweza kupata pointi za dhahabu ambazo ni lazima uwe nazo ili uwe Life Master, yaani cheo cha heshima cha mchezaji. Mwenzangu yeye anataka tuingie open, kundi lililo wazi kwa wote, tukutane na mabingwa, anasema ndo shule yenyewe. Mi naona bora Gold Rush kwanza, maana kucheza vipindi viwili kwa siku, kila kimoja masaa matatu na zaidi, kichwa kinachoka na jioni ndo unaanza kusahau turufu ngapi zimeshatoka.

Halafu kwenye kunadi (ile hatua ya kabla ya kucheza karata), yeye anataka tuongeze mbinu mpya wiki hii hii, mi nasema tubaki na Stayman na transfa, mbinu za kawaida za kunadi tunazozijua vizuri. Nani yuko sahihi hapo?

Na mpinzani akichelewa kualati (kututaarifu kwamba mnada wa mwenzake una maana maalum), kumwita mwamuzi mezani inachukuliwa ni utovu wa adabu au kawaida tu? Mlioshawahi kwenda nipeni uzoefu tafadhali, natamani sana tufanye vizuri.