Fantasia yenye fitina, ndugu wasio wa damu na mwisho wa matumaini: nianze na ipi, na nisiipotezeje njiani?

mla_kurasa
Habari wakuu. Natafuta riwaya za fantasia zenye mambo matatu kwa pamoja: fitina za ikulu au za mjini, watu wasiohusiana kwa damu wanaogeuka ndugu, na mwisho unaoacha matumaini. Kiingereza nasoma bila shida. Tatizo ni kwamba riwaya nyingi za fitina huishia kwenye maafa, na hata zile nzuri, nikifika katikati nimeshasahau waziri yupi yuko upande gani. Nianze na ipi, na majina yote hayo mnayafuatiliaje?

Bi_Rafu
The Goblin Emperor ya Katherine Addison (2014). Maia, kijana wa miaka 18 aliyekulia uhamishoni, anarithi kiti cha enzi baada ya baba yake na kaka zake kufa kwenye ajali ya chombo cha angani. Itifaki haijui, rafiki hana. Fitina zipo: nani alisababisha ajali, nani anataka kumng'oa. Utamu wenyewe lakini uko kwa katibu wake Csevet na walinzi wake, watu walioletwa kwake na kazi tu.

Kinachowashinda wengi ni majina. Mwishoni mwa kitabu kuna orodha ya watu na maelezo ya majina yao. Anza na hayo kabla ya sura ya kwanza. Ukishajua kwamba Drazhar, Drazharan na Drazhin ni ukoo mmoja (mwanamume, mwanamke aliyeolewa, mwanamke asiyeolewa), nusu ya ugumu imekwisha. Ukisomea kwenye simu, piga picha za skrini za orodha hiyo uziweke kando, maana kurukaruka mwanzo na mwisho kunakata mtiririko.

karani_wa_vitabu
Kuhusu majina: chukua karatasi moja, ichore safu nne. Jina pamoja na cheo, anamtumikia nani, anataka nini, na anajua siri gani ambayo wengine hawaijui. Hiyo ya nne ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu fitina ni tofauti ya nani anajua nini. Usimwandike mtu mpaka ajitokeze mara ya pili, la sivyo utajaza karatasi kwa mabawabu na wapishi wasiorudi tena. Mtu akihama upande, usifute. Piga mstari juu yake na uandike upya pembeni. Ukifika mwisho utaona mwandishi alikupotosha wapi.

Tovuti za mashabiki zinazoeleza kila mhusika (ziitwazo "wiki") ziogope. Sentensi ya kwanza tu huweza kukwambia nani alikufa na nani alioa nani. Vitabu vya sauti navyo vina kasoro yake: hulioni jina limeandikwaje, kwa hiyo majina mawili yanayofanana yanaungana kichwani. Tafuta orodha iliyochapishwa uwe nayo mkononi.

Shumbi
Bi_Rafu kakupa nzuri, ila ni ya mwendo wa taratibu. Ukitaka mbio na wizi, Six of Crows ya Leigh Bardugo (2015): wahalifu sita, kazi moja isiyowezekana. Usiinunue peke yake. Inakatikia pabaya, na Crooked Kingdom (2016) ndiyo inayomalizia. Hesabu ni kitabu kimoja kilichokatwa vipande viwili. Na ujue kuna msiba humo. Mwisho wa matumaini si lazima wote wabaki hai.

Kwa shujaa mtu mzima, The Curse of Chalion ya Lois McMaster Bujold (2001). Cazaril ametoka utumwani kwenye merikebu, mwili umechoka, anapewa kazi ya kumfundisha binti wa kifalme. Soma kwa makini maelezo ya miungu watano: hawawezi kugusa ulimwengu ila kupitia mtu anayekubali kuwapisha. Asiyeyashika hayo mapema huona mwisho umeanguka kutoka mbinguni.

Kupima mwisho bila kuuharibu: tafuta maoni ya wasomaji kuhusu kitabu cha MWISHO cha mfululizo, sio cha kwanza, na usome ya wale waliotoa nyota mbili. Wakilalamika kwamba mambo yalimalizika kwa upole mno, hicho ni chako. Mfululizo usiokamilika uache kwanza. Hapo hakuna mwisho wa kupima.

mla_kurasa
Asanteni. Na The Queen's Thief ya Megan Whalen Turner?

karani_wa_vitabu
Vitabu sita, cha kwanza 1996 na cha mwisho 2020. Fuata mpangilio wa kuchapishwa. Cha kwanza ni safari zaidi kuliko ikulu, na msimulizi wake anakuficha mambo makusudi, hivyo zingatia anachokwepa kusema. Siasa zenyewe zinaanza cha pili, ambacho kinafunguka kwa ukatili kuliko utakavyotarajia baada ya cha kwanza. Usikiachie hapo.