Mrejesho: Ua moja kila asubuhi, tangu mama atutoke

Habari zenu ndugu zangu. Mwezi wa tisa niliwauliza mtu afanye nini anapoamka kila siku na moyo mzito, shukrani haitoki hata kwenye sala. Mama alikuwa na miezi minne kaburini. Dada mmoja akanishauri nipige picha ya ua moja kila asubuhi, niandike mstari mmoja: leo nashukuru nini.

Wiki ya kwanza niliandika "sijui" siku nne mfululizo. Nilikaribia kuacha.

Kilichonigusa ni mkrismasi ulioko nje ya geti letu hapa Tanga. Desemba mti huo ulipowaka wote kwa maua mekundu, niliokota ua moja nikalisogezea simu mpaka likajaa kwenye kioo. Kumbe petali nne ni nyekundu tupu, ila ya tano ina weupe na vidoadoa, kama kanga iliyorushiwa rangi. Miaka yote nimeyakanyaga tu! Mama ndiye aliyekuwa akiyafagia alfajiri, kabla hatujaenda shule. Nikaandika: "Nashukuru nilifagiliwa njia." Nililia sana, ila kilio kile kilikuwa na nafuu.

Huzuni bado ipo, nisiwadanganye. Lakini sasa natoka nje kabla ya saa mbili, mwanga ukiwa bado laini, natafuta kitu cha kushukuru kabla sijashika habari nyingine.

Dada, Mungu akubariki. Mdogo wangu naye ameanza, jana kanitumia asumini.