Krismasi mnawapea ngapi soja na mama fua?

MkaaziUmoja: Wadau habarini, Krismasi ndio hiyo inagonga na kwa ploti yetu kuna soja wa usiku, keateka, kijana wa taka na mama fua wangu wa kila Jumamosi. Mnawapea ngapi? Januari naijua, fees inaningoja, lakini kuwapita mikono mitupu siwezi.

MamaTwins: Mama fua mpe malipo ya siku moja juu ya yake ya kawaida. Mimi huongeza unga pakiti mbili, mafuta ya kupika na sukari. Na mpe mapema jameni, fea ya ushago Desemba huwa inapanda vibaya, ukingoja tarehe 24 jioni akiwa tayari steji ya Machakos Kantri Basi, hiyo pesa yote inaishia kwa konda na watoto hawaoni kitu.

Otis_Kayole: Soja changeni kama ploti, nyumba kumi mia mbili mbili ni elfu mbili. Mkituma M-Pesa wekeni na ya kutoa, na itumwe kwa namba yake mwenyewe, yetu ilipitia kwa mtu ikafika nusu.

Kerubo: Na tusichanganye zawadi na haki. Soja akilinda geti tarehe 25 hiyo ni sikukuu ya kitaifa, mwajiri anafaa kumlipa dabo. Muulizeni kama analipwa, wengi hawajui wanaweza kudai.

MkaaziUmoja: Hiyo ya dabo nitamuuliza leo usiku nikiingia. Asanteni sana.