Nguruwe wanamaliza mihogo Pangani: nichukue .22, .243, .308 au shotigani?

Mkulima wa Mkwaja
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Nina shamba huku Pangani, mihogo na mahindi chini ya minazi, na upande mmoja nimepakana na mkonge wa zamani ulioachwa mpaka ukawa pori, humo ndo nguruwe pori wanalala mchana halafu giza likiingia wanakuja kufukua mihogo, asubuhi unakuta matuta yote yamepinduliwa. Mchana tena nyani. Maombi yangu ya kibali yanakaribia mwisho na sasa naulizwa silaha gani. Nataka bunduki MOJA tu, ilinde shamba na nikipata leseni ya kuwinda niende nayo Handeni kutafuta wanyama kama pongo, kuro, na Mungu akijalia hata pofu. Jirani ananiambia .22 inatosha maana risasi zake rahisi na haina kelele, mjomba wangu yeye anasema chukua .375 umalize ubishi. Nisaidieni jamani, hela yenyewe ya kuungaunga.

Bwana Nyama Mstaafu
Marahaba mwanangu. Kabla ya kaliba, yaani unene wa risasi, hizo namba za .22 na .375, weka hili sawa. Nguruwe na nyani ni wanyamapori, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inawahusu hata kama wako kwenye mihogo yako. Anza na afisa wanyamapori wa wilaya, taarifa iandikwe, mkubaliane utaratibu. Kuwinda usiku na kumulika kwa taa sheria inakataza, na nguruwe wako ni wa usiku, kwa hiyo utawapata alfajiri kukishakucha au jioni kabla jua halijazama. Dakika chache hizo. Halafu uko jirani na Saadani, ile ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Nguruwe uliyemjeruhi akivuka mpaka usimfuate na bunduki mkononi, nenda ukatoe taarifa kwa askari wa hifadhi. Ndo maana kaliba ya kumjeruhi tu mnyama sitaki hata kuisikia, na jirani yako mwambie hivyo.

Fundi Mtutu
Mzee amesema kweli tupu. Mkuu ngoja nikupe namba uone mwenyewe. .22 ya kawaida risasi ina gramu 2.6, ikitoka mtutuni ina nguvu kama juli (kipimo cha nguvu) 170 hivi, ikifika mita 100 imebaki 120 na kitu. Hiyo ni ya kanga, kunguru, panya buku, vitu vidogo. Nguruwe dume anaweza kupita kilo 80, ukimpiga na .22 anaondoka na risasi yako anaenda kuozea huko mkongeni siku tatu anateseka au anakutana na mtoto aliyeenda kuokota kuni, na nguruwe mwenye jeraha hana huruma na mtu. Na hiyo habari ya "ndogo haina madhara" sio kweli, maboksi mengi ya .22 yenyewe yameandikwa risasi ni hatari mpaka umbali wa maili moja na zaidi, tena ndo inayopenda kuruka vibaya ikigonga maji au jiwe.

Zinazofuata:
.223, gramu 3.6, karibu juli 1,700. Nyani sawa kabisa. Nguruwe akisimama vizuri sawa, ila zile risasi nyepesi za kasi zinapasuka kwenye mfupa wa bega kabla hazijaingia ndani.
.243, gramu 6.5, juli 2,600 hivi.
.308, gramu 9.7, kama 3,500.
.30-06 yenyewe imeanza 1906 na bado iko kazini, gramu 11.7, inakaribia 4,000.
.375 ya Holland & Holland ni ya 1912, gramu 19.4, inafika 5,800. Hiyo ndo kaliba ya chini kwa nyati. Mjomba anataka umpige nguruwe wa mihogo kwa bunduki ya nyati? Bei ya risasi moja tu utalia.

Kiwangwa Boy
Mimi niko Bagamoyo, mananasi, nguruwe nawajua vizuri sana. Nakwambia kaka chukua .243 usihangaike. Hii ni mtoto wa .308, ganda lilelile limebanwa shingo mwaka 1955, so bunduki yake nyingi ni body moja na .308 ila teke lake begani dogo mnoo, unapiga huku unaona kwenye darubini risasi imetua wapi. Mtu asiyeogopa teke ndo anayelenga vizuri. Bega limevimba unaanza kufumba macho kabla hujavuta, hapo hata upewe mzinga hupati kitu. Nguruwe, pongo, swala, nyani, vyote .243 inamaliza.

Fundi Mtutu
Kwa hao wote sikupingi. Ila kasema pofu. Dume la pofu linaweza kupita kilo 600 bwana, .243 pale unamuomba mnyama akubali kufa. Na kuro nae ni mgumu kuliko anavyoonekana.

Bi Machungwa
Samahanini naingilia, mimi mkulima wa machungwa Muheza, bunduki ni ya mume wangu na kibali chake ila shambani tupo wote. Naona mnaongelea juli mnasahau shamba lenyewe. Kaka kasema mihogo chini ya MINAZI. Huku kwetu pwani ardhi imelala, hakuna kilima nyuma cha kupokea risasi. .308 ikikosa nguruwe au ikimtoboa ikatokea upande wa pili inakwenda kilometa kwa kilometa. Na juu ya minazi kuna watu! Wagema wanapanda alfajiri na jioni kushusha tembo la mnazi, saa zilezile mzee alizosema ndo za nguruwe. Wakwezi nao wako huko juu, watoto wanakwenda madrasa wanakata njia katikati ya mashamba. Sisi tulichukua shotigani namba 12 kwa sababu hiyohiyo. Marisau makubwa ya SG kwa nguruwe mita 25 mpaka 30 anakaa palepale, na marisau hayaendi mbali kama risasi ya raifo. Marisau madogo kwa kanga, bunduki ileile moja unabadilisha risasi tu.

Nyani ni habari nyingine. Wanatujua sisi wanawake hatushiki bunduki, nikipita mimi wanaendelea kula wananiangalia usoni, akija mume wangu hata na fimbo tu wanakimbia. Kwa hao kelele na kulinda kila siku kunasaidia kuliko kaliba yoyote, ukimpiga mmoja kundi linahamia kwa jirani wiki moja halafu linarudi.

Mkulima wa Mkwaja
Dada yangu asante sana, la wagema sikuliwaza kabisa na wapo kweli, wawili wanagema palepale kwangu. Sasa nikichukua shotigani ndo Handeni basi tena?

Bi Machungwa
Kwa pongo na funo kichakani inafaa, wale unakutana nao karibu. Kuro na pofu kwenye uwazi hapana.

Bwana Nyama Mstaafu
Binti amesema neno. Niongeze: jenga dungu. Wazee wetu walilinda mpunga na mahindi juu ya dungu na lile lile linakufaa wewe. Ukikaa juu, mita tatu au nne, unapiga kwenda chini, risasi ikipita mnyama inaingia ardhini palepale. Hapo hata raifo inatumika kwa usalama kama mnyama yuko karibu, kama uko juu yake kweli, na kama umeshawaambia wagema siku gani uko juu. Mnyama akiwa mbali pembe inalala, inakuwa kama umesimama chini tu, usipige. Dungu likae upande wa minazi likitazama mkonge, usilenge kamwe kuelekea nyumba. Na mnyama mwenye watoto muache apite.

Kiwangwa Boy
Sawa mzee hapo nimekubali, kwa pofu na dungu .308 inashinda. Ila anunue yenye kitako cha mpira jamani, na asiende kujifunzia teke kwenye mnyama.

Fundi Mtutu
Basi mkuu kura yangu: kama Handeni ni ndoto ya mbali na nguruwe ni njaa ya leo, shotigani, tena bei yake nafuu. Kama kweli utakata leseni na kwenda, .308 ya bolti pamoja na dungu. Sikupi .30-06 si kwa sababu mbaya, nyama wa huku hawatajua tofauti ila bega lako litajua. Kitu kimoja tu, kabla hujajaza kaliba kwenye fomu pita kwenye maduka yenye leseni uulize risasi zenyewe zipo na zinakuja mara ngapi. Kuna watu wana bunduki nzuri za kaliba za ajabu ziko kwenye sefu mwaka wa pili hazina hata risasi moja.

Mkulima wa Mkwaja
Nimekaa na mke wangu tumesoma zote. Tunaenda na shotigani. Wagema ni majirani zetu na watoto wa madrasa wengine ni wetu, pofu atasubiri kibali kingine. Dungu naanza Jumamosi, nguzo za mikoko nimeambiwa sio ruhusa kukata hivyo natumia mivinje ya kupanda. Fundi, mtutu mmoja au miwili?

Fundi Mtutu
Miwili. Huo wa kulia tia SG, wa kushoto SG pia, usichanganye na marisau ya kanga ukiwa kwenye dungu la nguruwe maana gizagiza la alfajiri utasahau upi ni upi. Ukifika juu ndo ujaze, kabla hujashuka toa risasi zote mbili weka mfukoni, bunduki ishuke kwa kamba mbele yako ikiwa imefunguliwa.

Bi Machungwa
Na mkiweza fyekeni hatua kumi za mkonge pembeni ya shamba, nguruwe hapendi kuvuka uwazi na utamuona mapema.