Live by Night ya Ben Affleck: ilikwama wapi?

Muuliza swali: Wakuu, nimeitazama hii filamu ya 2016. Affleck kaandika, kaongoza na kucheza mwenyewe Joe Coughlin, jambazi wa Boston anayehamia Tampa kuuza rumu ya magendo enzi Marekani ilipopiga marufuku pombe. Picha zinavutia, suti, magari ya kale, vyote vipo. Mbona sikuguswa?

Jibu: Mkuu, riwaya ya Dennis Lehane ni nene, wao wameibana kwenye saa 2 na dakika kidogo. Boston, rumu, Ku Klux Klan (lile kundi la wabaguzi wa rangi), kasino, ndoa, dini! Jambo halijapoa, wameshahamia lingine. Graciela, Mkuba anayechezwa na Zoe Saldana, nilimsubiri afanye lake mpaka nikachoka.

Jibu: Mimi namlaumu Joe. Anaua, halafu tunatakiwa tumpende kwa upole wake, na uso wa Affleck hauonyeshi vita yoyote ya ndani. Mtazame Elle Fanning kama Loretta: karudi kutoka Hollywood kaharibiwa na heroini, sasa anahubiri dhidi ya kasino. Anapokaa mezani na Joe na kukiri hana hakika kama Mungu yupo, niliacha hata kutafuna.

Muuliza swali: Hapo kweli! Na Chris Cooper kama baba yake Loretta, mkuu wa polisi aliyevunjika moyo. Hao wawili wangepewa filamu nzima. Iligharimu dola milioni 65, mauzo yakaishia karibu milioni 23. Nani anayo riwaya yenyewe?