Naombeni ushauri: nataka tangi kubwa la samaki sebuleni, bajeti laki sita

Baba Nasri
Wakuu habari za jioni. Nipo Mbagala, nyumba ni yangu, ya chini, na nina katangi ka lita 40 mwaka wa pili sasa, samaki wanakufa nanunua wanakufa nanunua. Nimechoka, nataka moja la maana, urefu mita moja na nusu, upana sentimita 50, kimo 55. Bei ya dukani nilivyotajiwa nilikaa chini. Fundi wa vioo wa mtaani anasema ananiundia kwa kioo cha milimita 6, stendi ninayo, meza ya mbao aliyotuachia mama mkwe, imara. Mfukoni laki sita na humo humo nataka samaki wawemo, Jumamosi mwanangu anatimiza miaka saba. Itawezekana? Nawasilisha.

Chapombe Mstaafu
Laki sita kwa samaki wasioliwa? Nenda Feri ubebe ndoo ya vibua, hela ya ndimu inabaki.

Kioo Temeke
Mkuu milimita 6 kwa kimo hicho usithubutu. Piga hesabu mwenyewe, hapo ni lita 412, lita ya maji kilo moja, kioo chenyewe kikiwa cha milimita 10 ni kilo 70 na ushee, ongeza mchanga na mawe, ushavuka nusu tani. Mwachie mama mkwe meza yake. Chukua kioo cha milimita 10 na juu kizungushiwe vipande vya kukishikilia kisitanuke katikati, stendi akuchomelee mtu wa mageti kwa skwea paipu, juu yake ubao mnene, halafu lile povu jeupe gumu linalokuja na boksi la TV, ndo tangi likae. Silikoni soma maandishi, ya bafuni yenye dawa ya ukungu inaua samaki. Iache wiki nzima ikauke, jaza maji likiwa uani siku tatu, ukiona pakavu ingiza ndani.

Mama Vitenge
Msikilize huyo kaka. Langu liliachia saa nane usiku, nikasikia kama mtu kafungulia bomba nje nikageuka upande wa pili nikalala zangu. Kuja kushtuka kandambili zinaelea mlangoni kwa watoto, na samaki mmoja yuko chini ya kochi anapigapiga mkia kwenye zulia. Kumbe fundi alipaka silikoni mpya juu ya ile ya zamani, na haishikani hiyo, lazima ikwanguliwe yote kwanza.

Baba Nasri
Duh. Sasa Jumamosi?

Mama Vitenge
Mnunulie baiskeli.

Mtoto wa Ujiji
Na hao wanaokufa nahisi najua sababu. Unaosha tangi lote, sponji ya filta, kile kimashine cha kusafisha maji, unaikamua kwenye maji ya bomba, unajaza mapya na kurudisha samaki siku hiyo hiyo, kweli si kweli? Mavi ya samaki na chakula kinachobaki vinatoa amonia, ni sumu, kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, nayo sumu, halafu wengine wanaigeuza naitreti ambayo ina nafuu. Hao bakteria wanakaa kwenye sponji na mchanga, klorini, ile dawa ya maji ya bomba, inawamaliza. Tangi jipya hawapo kabisa, wanachukua kama wiki nne hadi sita kujaa. Washa filta, tupia kipunje cha chakula kila siku kana kwamba kuna samaki, subiri. Ukipata sponji chafu ya mtu ambaye samaki wake wazima, iweke humo, inaharakisha. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima kwanza.

Hita usinunue, Dar joto lenyewe linatosha. Hela hiyo tafuta pampu ya hewa ya betri, umeme ukikatika usiku kucha ndo utajua.

Samaki sasa. Kwetu Ziwa Tanganyika kuna vijisamaki vya sentimita tano hivi vinaishi ndani ya makombe ya konokono, kila kimoja na kombe lake, ukisogeza kidole kwenye kioo dume anakuja kupigana na kidole. Maji yao magumu, pH, kipimo cha uchachu wa maji, inapita 8, kwa hiyo maji ya kisima yenye chokaa hayawasumbui, ila ya chumvi chumvi hapana. Usibebe kienyeji kutoka ziwani, tafuta muuzaji mwenye kibali. Na usichanganye na goldifishi.

Baba Nasri
Ya sponji ni kweli kabisa, nilikuwa naikamua mpaka inanukia sabuni.

Mtoto wa Ujiji
SABUNI???

Baba Nasri
Wakuu mrejesho. Kioo milimita 10, stendi ya chuma, uani limekaa siku tatu, tone moja kwenye kona ya nyuma tukalirudia. Hela imebaki elfu arobaini na samaki sina. Wiki ya tatu hii filta inanguruma sebuleni, dogo kila akitoka shule anatupia chakula kwenye maji matupu, na mama Nasri kashawatangazia majirani kwamba mumewe anafuga maji.