Asidi kali na asidi iliyokolea, joto na halijoto, uzito na masi: naomba ufafanuzi

MwanafunziSayansi
Shikamooni wakuu. Nasoma sekondari na mtihani umekaribia. Fomula ninazo kichwani, ila kuna maneno ambayo kwenye mazungumzo ni kitu kimoja, halafu ukifungua kitabu cha kemia au fizikia yanageuka kuwa vitu viwili.

La kwanza ni asidi. Tumefundishwa kuwa asidi hidrokloriki ni kali na asidi ethanoiki, ile iliyomo kwenye siki, ni dhaifu. Swali linataka ujazo wa NaOH (sodiamu hidroksidi, ambayo ni besi) ya 0.1 M (M ni moli kwa lita) unaotosha kumaliza 25 cm³ za kila asidi, zote zikiwa 0.1 M. Nilijibu kwamba ile dhaifu itahitaji kidogo. Kitabu kinasema 25 cm³ kwa zote mbili. Inakuwaje?

La pili, gramu 100 za barafu ya 0°C zinatiwa kwenye gramu 300 za maji ya 30°C. Mimi napata 22.5°C, kitabu kinasema kama 2.6°C. Tofauti hiyo si ya desimali.

La tatu, uzito. Fizikia inasema uzito hupimwa kwa nyutoni, mbona mizani imeandikwa kilo?

Bureti
Marahaba. Nitajibu la asidi, wengine watachukua hayo mengine.

Neno "kali" ndilo linalokupoteza. Katika maongezi, kitu kikali ni kile kilichotiwa kingi. Kwenye kemia, ukali ni tabia ya molekuli yenyewe: ikiingia majini, inaachia ioni zake za hidrojeni zote au chache tu? Kukolea ni jambo jingine kabisa. Ni hesabu ya moli (kipimo cha idadi ya molekuli) ulizoweka ndani ya lita moja, na hiyo unaipanga wewe unapopima.

Chukua asidi zako mbili za 0.1 M. HCl (asidi hidrokloriki) imeachia karibu zote, kwa hiyo pH yake (kipimo cha ioni za hidrojeni zilizo huru, zikiwa nyingi namba inashuka) ni 1. Katika ethanoiki, kwenye kila molekuli 1000 ni kama 13 tu zilizoachia, ndiyo maana pH yake iko karibu na 2.9. Sasa chukua 10 cm³ za ile HCl kwa pipeti, tia kwenye chupa ya ujazo ya 1000 cm³, ongeza maji hadi alama. Umepata HCl ya 0.001 M, pH 3. Bado ni asidi kali, imezimuliwa tu, na karatasi ya kupimia pH haitaweza kuitofautisha na ethanoiki yako ya 0.1 M.

Njoo kwenye titresheni, yaani kudondosha besi hadi asidi iishe. 25 cm³ za 0.1 M ni moli 0.0025, kwa asidi zote mbili. NaOH inapodondoka kwenye ethanoiki, inazibeba kwanza zile ioni chache zilizo huru. Zikiondoka, molekuli ambazo hazijaachia zinaachia nyingine kujaza pengo, nazo zinabebwa, na mchezo unaendelea hivyo hivyo hadi zote 0.0025 ziishe. Kwa hiyo besi inakula kila ioni inayoweza kutoka, si zile tu zilizo huru sasa hivi. Jibu ni 25 cm³.

Jipime kwa hili: 25 cm³ za HCl yenye pH 2.9 zingehitaji NaOH kiasi gani? Ukolezi wake ni kama 0.0013 M, kwa hiyo ni takriban 0.3 cm³, yaani matone sita au saba ya bureti. pH ni ile ile ya ethanoiki, lakini ujazo umeshuka kutoka 25 hadi 0.3. Ukilielewa hilo, umeelewa mada nzima.

MwanafunziSayansi
Asante sana mwalimu, hapo pameeleweka. Lakini kwenye jaribio la vitendo tulitumia methili oranji kwa ethanoiki, na kundi letu lilipata chini ya 10 cm³. Ndiyo maana niliamini dhaifu inahitaji kidogo.

Bureti
Basi kosa ni la kiashiria, ile rangi inayokuonyesha asidi imeisha. Methili oranji inabadilika rangi kati ya pH 3.1 na 4.4. Kwa ethanoiki ya 0.1 M unafika 3.1 baada ya matone machache tu, na 4.4 ukiwa umetia kama 7.6 cm³, wakati asidi iliyobaki ni karibu asilimia 70. Rangi pia inageuka polepole, haikatiki, na hiyo ni dalili ya kwamba umechagua kiashiria kisichofaa.

Mwisho halisi wa ethanoiki na NaOH uko karibu na pH 8.7, kwa sababu chumvi inayobaki ina ubesi kidogo. Tumia fenolfthalini, inayobadilika kati ya 8.2 na 10. Ukikaribia 24 cm³, tia tone moja moja huku ukizungusha chupa. Simama kwenye waridi hafifu inayodumu sekunde 30. Baadaye ikififia usiongeze kitu: ni kaboni dioksidi ya hewani inaingia. Ukiona waridi iliyokolea, umepitiliza.

Kalorimita
Nachukua la barafu. Kosa lako linajionyesha ndani ya 22.5 yenyewe. Uliandika 300 × (30 − T) = 100 × T, sivyo? Huo ni mlingano wa *maji* ya 0°C. Wewe ulipewa *barafu* ya 0°C. Kipimajoto kinasoma sawa kwa vyote viwili, lakini vimetofautiana kwa joto jingi sana.

Halijoto (wengine huiita jotoridi) ni ile inayosomwa kwenye kipimajoto. Joto ni nishati inayohama, tunaipima kwa jouli. Kuyeyusha kilo moja ya barafu bila kuipandisha hata nyuzi moja kunakula jouli 334,000. Kupandisha kilo moja ya maji nyuzi moja ni 4,200 tu. Maana yake joto la kuyeyusha barafu linatosha kuyapandisha maji yale yale kutoka 0 hadi karibu 80°C! Ndiyo maana ukikoroga barafu na maji juu ya moto mdogo, kipimajoto kinaganda kwenye 0 mpaka kipande cha mwisho kiishe. Joto linaingia muda wote, ila linatumika kuvunja mpangilio wa molekuli.

Hesabu ifanye kwa hatua, usirundike yote kwenye mlingano mmoja. Maji ya kilo 0.3 yakishuka kutoka 30 hadi 0 yanatoa 0.3 × 4,200 × 30 = 37,800 J. Barafu inadai 0.1 × 334,000 = 33,400 J. Zimebaki 4,400 J, na sasa una kilo 0.4 za maji ya 0°C. 4,400 ÷ (0.4 × 4,200) = 2.6°C. Angalia pia vipimo: ukiacha gramu mahali pa kilo, jouli zako zinakosea mara elfu.

Mizani_ya_Springi
La tatu ni fupi. Kilo ni kipimo cha masi, yaani wingi wa mata, na haubadiliki uendako. Uzito ni nguvu ambayo sayari inaivuta masi hiyo: masi × g (nguvu ya mvuto kwa kila kilo). Mtu wa kilo 60 ana uzito wa 588 N duniani (g = 9.8), na mwezini, g ikiwa 1.6, ni 96 N. Masi ni 60 kote kote.

Mizani ya springi inahisi nyutoni, kisha kiwandani wameshagawanya kwa 9.8 ili uso wake usome kilo. Ipeleke mwezini, itamwandika mtu huyo kama kilo 9.8, na itakuwa imekosea. Mizani ya mikono miwili inalinganisha masi kwa masi, kwa hiyo itasema 60 hata kule. Kwenye mtihani, wakikupa kilo na kutaka nguvu, zidisha kwa g kabla ya kitu kingine chochote.

MwanafunziSayansi
Nashukuruni wote. Nimejaribu la barafu kwa gramu 150 badala ya 100, maji yale yale. Nimefuata hatua zote, jibu linakuja −6.5°C. Nimekosea wapi?

Kalorimita
Kuzidisha na kugawanya kwako ni sahihi, ila hukulitazama deni. Barafu inadai 50,100 J na maji yana 37,800 J tu ya kutoa hadi 0. Hayatoshi, kwa hiyo hatua ya mwisho haipo. Jibu hasi hapa linakuambia barafu haikuisha. Gawanya ulichonacho: 37,800 ÷ 334,000 = kilo 0.113. Gramu 113 zimeyeyuka, gramu 37 bado ni barafu, na chombo chote kiko 0°C.